Alphonse Pénaud

Alphonse Pénaud (Paris, 31 Mei 1850 – Paris, 22 Oktoba 1880) alikuwa mvumbuzi kutoka nchini Ufaransa. Anakumbukwa hasa kwa kutengeneza ndege ndogo ya mfano iliyoweza kuruka na kujisawazisha yenyewe angani bila rubani. Kanuni alizozitumia ndizo zinazofuatwa hadi leo katika ndege za mfano za kujifunzia, zikiwemo zile za umeme zinazoongozwa kwa redio.

Maisha ya awali

Pénaud alizaliwa katika familia ya wanamaji. Baba yake alikuwa admirali. Ilitarajiwa kwamba naye angeingia jeshi la majini, lakini ugonjwa wa nyonga ulimzuia, na alilazimika kutembea kwa magongo. Kwa kuwa bahari ilifungwa kwake, aligeukia elimu ya urukaji.

Mwaka 1870 alitengeneza helikopta ndogo ya kuchezea. Kabla yake vyombo vya namna hiyo viliendeshwa kwa upinde na uzi. Pénaud alitumia ukanda wa mpira uliosokotwa: mpira unapojisokotoa, huzungusha rafadha. Njia hiyo ilikuwa rahisi, nyepesi na ya bei nafuu, hivyo ilienea haraka.

Planophore

Tarehe 18 Agosti 1871 alirusha ndege yake ya mfano, aliyoiita *Planophore*, katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Ilikuwa na urefu wa sentimita 50 hivi, mabawa ya sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa gramu 16 tu. Rafadha yake ilikuwa nyuma. Iliruka kwa takriban sekunde 11 mbele ya watazamaji.

Muda huo ni mfupi, lakini jambo kubwa lilikuwa namna ndege ilivyoruka. Wabunifu wengi wa wakati ule walitafuta nguvu ya kuinua chombo, na chombo chao kilipoinuka kilipinduka. Pénaud alitatua tatizo hilo kwa mambo mawili.

* Mkia: aliuweka mkia mdogo nyuma, ukiwa umeinamishwa kidogo kulinganisha na bawa. Pua ikishuka, mwendo huongezeka, hewa huusukuma mkia chini na pua huinuka tena.
* Mabawa: alizipandisha ncha za mabawa juu. Ndege ikiinama upande mmoja huteleza kuelekea upande huo, na bawa lililo chini hupata nguvu zaidi ya kuinuka, hivyo ndege hurudi sawa.

Baadaye alitengeneza pia mfano wa ndege ya kupigapiga mabawa, ambao nao uliendeshwa kwa mpira.

Hataza ya mwaka 1876

Mwaka 1876, pamoja na fundi Paul Gauchot, alipata hataza ya ndege kubwa ya watu wawili iliyoweza kutua nchi kavu na majini. Michoro yake ilikuwa na rafadha mbili mbele, magurudumu ya kukunjwa, chumba cha rubani chenye kioo na mpini mmoja wa kuongozea mkia. Mambo hayo yote yalikuja kuwa ya kawaida katika ndege za karne ya 20.

Ndege hiyo haikujengwa kamwe. Injini za mvuke za wakati ule zilikuwa nzito mno, na injini nyepesi ya petroli ilikuwa bado haijapatikana. Pénaud alikosa mfadhili, na wengine walimkejeli.

Kifo

Afya yake ilizidi kudhoofika. Alimwomba msaada Henri Giffard, mhandisi tajiri aliyekuwa amejenga chombo cha anga cha mvuke, lakini hakufanikiwa. Inasimuliwa kwamba aliweka michoro yake ndani ya jeneza dogo na kumpelekea Giffard. Muda mfupi baadaye alijiua, akiwa na umri wa miaka 30.

Urithi

Mwaka 1878 Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe Wilbur na Orville helikopta ya kuchezea ya aina ya Pénaud. Ndugu hao walisema baadaye kwamba ndiyo iliyowaamshia hamu ya urukaji. Hata hivyo ndege yao ya mwaka 1903 haikufuata kanuni zake za usawazisho, na ilikuwa ngumu kuiongoza. Miaka iliyofuata wabunifu wengi walirudi kwenye mkia wa nyuma.

Ndege ya umeme ya anayeanza kujifunza huwa na bawa juu ya kiwiliwili, ncha zilizopanda na mkia nyuma. Betri husogezwa mbele au nyuma hadi uzito usawazike chini ya bawa. Mwanafunzi akikosea na kuachia mipini, ikiwa ndege bado iko juu ya kutosha, huelekea kujinyoosha yenyewe.

Kanuni hizo hufanya kazi popote. Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kama Kasulu na Kibondo, hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo ndege ileile huhitaji mwendo mkubwa kidogo ili ibaki angani. Mota ya umeme haivuti hewa ya kuchomea mafuta, hivyo haidhoofiki kama injini ya petroli, ingawa rafadha husukuma kwa nguvu pungufu kidogo.