Jacques Bertillon, daktari aliyeyapa maradhi nambari

Jina la Jacques Bertillon halitajwi sana huku kwetu Pwani, wala kule Turkana. Lakini faili ya mgonjwa inapoandikwa nambari ya ugonjwa, iwe Lodwar, Kakuma au Mombasa, asili ya kazi hiyo inarudi kwake.

Alizaliwa Paris mwaka 1851, katika nyumba ya watu wa hesabu. Baba yake, Louis-Adolphe, alikuwa daktari na mtaalamu wa takwimu. Mdogo wake, Alphonse, ndiye aliyewaonyesha polisi namna ya kuwatambua wahalifu kwa kupima viungo vya mwili. Jacques naye alisomea udaktari, na baba yake alipofariki mwaka 1883, alishika nafasi yake katika ofisi ya takwimu ya jiji.

Zama hizo kila nchi iliyaita maradhi kwa majina yake, hata hesabu za vifo za miji miwili zikawa hazilinganishiki. Mwingereza William Farr alikuwa ameanza kuyapanga kwa sehemu za mwili. Bertillon akaongoza kamati iliyoundwa Vienna mwaka 1891, na miaka miwili baadaye orodha yake ikakubaliwa Chicago. Ilikuwa na sababu 161 za vifo, pamoja na orodha fupi za 99 na 44. Mwaka 1900 wajumbe wa nchi 26 waliipitia Paris. Aliongoza marekebisho mpaka yale ya 1920, akafariki 1922.

Orodha yake ilihesabu wafu. Shirika la Afya Duniani lilipoichukua, toleo la 1948 likaingiza pia maradhi ya walio hai. Katika toleo la 10, hata vyuma vinavyofungwa kwenye pingili za mgongo vina nafasi yake. Skrubu ikivunjika au kulegea ni T84.2. Chuma kikipata maambukizi ni T84.6. Maumivu ya mgongo ya kawaida yako M54.

Hapo ndipo urithi wa Bertillon unapogusa maisha. Chukua mchungaji wa Turkana aliyefungwa vyuma mgongoni huko Eldoret, kisha akarudi Lodwar kidonda kikitoa usaha. Akiandikiwa M54, kwenye hesabu yeye ni mtu anayeumwa mgongo tu. Chuma hakipo, maambukizi hayapo. Kaunti haitaona sababu ya kuomba daktari wa mifupa, na mgonjwa wa Kakuma ataendelea kusafiri kilomita zipatazo 120 hadi Lodwar, na kutoka huko apelekwe mbali zaidi.

Lamu na Tana River wanaijua safari hiyo. Kwa maoni yangu, kaunti inayoajiri daktari na kumsahau karani wa rekodi imefanya nusu ya kazi. Bertillon alitumia maisha yake kuhakikisha kila mgonjwa anahesabiwa mahali pake. Anayehesabiwa vibaya hupangiwa vibaya.