Grace Hopper: Mwanamke aliyeiandikia kompyuta kitabu

Kutoka kilima cha Howard College, mjini Durban, Afrika Kusini, mtu huliona bonde la Cato Manor. Kilimani hapo hufundishwa uhandisi wa kompyuta. Wanafunzi wengi husema Kizulu nyumbani, lakini maelezo ya programu wanazojifunza kuziunda yameandikwa kwa Kiingereza.

Maelezo hayo sasa yamepata msomaji mpya: programu za akili mnemba, ambazo huyasoma zenyewe na kutekeleza kazi zilizotumwa. Binadamu akikuta neno lenye utata anaweza kumwuliza mwenzake. Programu huweza kukisia, ikaharibu kazi.

Umuhimu wa kueleza chombo kwa lugha iliyo wazi uliwahi kutambuliwa mapema na Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1992.

Saa saba

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba mwaka 1906. Akiwa na umri wa miaka saba alifungua saa ya kuamshia ili ajue inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuiunganisha tena, akafungua nyingine, hata zikafika saba. Mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea.

Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akafundisha hesabu katika chuo cha Vassar. Huko aliwataka wanafunzi waandike insha, naye akazisahihisha hadi lugha yake. Walipolalamika, aliwaeleza kwamba hesabu haimfai mtu asiyeweza kuifafanua kwa wengine.

Amri ya kuandika

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Bi Hopper alijiunga na akiba ya jeshi la wanamaji, ingawa uzito wake ulikuwa chini ya kiwango kilichotakiwa. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuihudumia Mark I, mashine ya kukokotoa yenye urefu wa mita zipatazo 15, iliyopokea amri kupitia utepe wa karatasi uliotobolewa.

Ujuzi wa mashine hiyo ulikuwa vichwani mwa watu wachache. Mkuu wake, Howard Aiken, alimwamuru aandike kitabu. Alipojitetea kwamba hajawahi kuandika kitabu, alikumbushwa kuwa sasa ni mwanajeshi. Kila siku alimsomea Aiken alichokiandika. Mwaka 1946 kitabu hicho cha kurasa zaidi ya 500 kilichapishwa, kikieleza sehemu za mashine, namna ya kuitayarishia kazi na mifano ya hesabu. Aliye mbali na Harvard sasa aliweza kujifunza bila kumtegemea fundi aliyeiunda.

Lugha ya nani?

Baada ya vita, Bi Hopper aligeukia swali jingine: kwa nini binadamu ajifunze alama za mashine, badala ya mashine kupokea maneno ya binadamu? Mwaka 1952 alikuwa na programu iliyounganisha yenyewe vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa. Kisha akapendekeza amri ziandikwe kwa maneno ya Kiingereza.

Ili kuthibitisha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu, aliwaonyesha wakubwa wake amri zilezile kwa Kifaransa na Kijerumani. Waliingiwa na hofu. Hawakuona jinsi kompyuta ya Kimarekani ingeweza kufahamu lugha za kigeni. Akalazimika kushikilia Kiingereza peke yake.

Kazi yake ilichangia sana lugha ya COBOL, ambayo mpango wake ulianzishwa katika mkutano uliofanyika Pentagon mwezi Mei mwaka 1959. COBOL ilikuwa kazi ya kamati, na wapo wataalamu walioiona kuwa yenye maneno mengi mno. Hata hivyo, hadi leo inatumika katika mabenki.

Mwaka huohuo wa 1959, Afrika Kusini ilipitisha sheria iliyowazuia Waafrika kujiunga na vyuo vikuu vya Wazungu bila kibali cha serikali. Wakazi wa Cato Manor nao walikuwa wakihamishwa kwa nguvu kupelekwa KwaMashu. Lugha ya mashine ilipokuwa ikiamuliwa ng'ambo, msemaji wa Kizulu alikuwa akifungiwa mlango wa darasa nyumbani kwake.

Urithi

Bi Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986, akiwa na cheo cha admirali wa ngazi ya chini (rear admiral) na umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari mwaka 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington.

Mlango wa Howard College umekwisha kufunguliwa. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilipitisha sera ya kukikuza Kizulu sambamba na Kiingereza. Lakini vitabu vya mashine vingali vinasubiri waandishi wa Kizulu, na wa Kiswahili pia. Bi Hopper alikwisha kuonyesha kwamba kizuizi hakikuwa ndani ya kompyuta.