Padri Alexis Kagame: bingwa wa historia aliyemsifu nguruwe

Hapa Gikondo, ikifika Ijumaa jioni, moshi wa akabenzi hutoka kwenye baa za mtaani ukaingia hata katika nyumba iliyofunga madirisha. Sisi tuliokulia Tanzania nyama hiyo tuliiita kitimoto, na wenzetu waliotoka Uganda walikuja na jina lao. Lakini si wateja wengi wanaojua kwamba nguruwe huyo wanayemtafuna kwa ndizi na pilipili aliwahi kutungiwa shairi la sifa, tena na padri, tena padri aliyekuwa bingwa wa historia ya wafalme wa Rwanda. Huyo ni hayati Alexis Kagame. Utungo wenyewe unaitwa Indyoheshabirayi, yaani kile kinachovifanya viazi viwe vitamu. Ulichapwa Kabgayi mwaka 1949, na hadi leo wasomaji wake hawajakubaliana.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa miaka arobaini na saba. Nilizaliwa na kusomea Karagwe, nikarudi nyumbani mwaka 1997 nikiwa na Kiswahili kingi na Kinyarwanda cha jikoni. Leo nataka kueleza kwa kifupi maisha ya padri huyu, kisha niseme kwa nini kitabu chake cha kuchekesha kina uzito kwangu kuliko vitabu vyake vinene.

Alexis Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, katika eneo la Buliza, kaskazini ya Kigali. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani na mfalme alikuwa Yuhi Musinga. Ukoo wake ulikuwa karibu na ikulu, miongoni mwa watu waliotunza kumbukumbu za ufalme kwa kichwa, bila kalamu wala karatasi. Wabelgiji walipochukua nchi, familia iliingia Ukatoliki, na kijana akapelekwa shule ya wamisionari. Kutoka hapo alisoma seminari, akamalizia Nyakibanda, na mwaka 1941 akapewa upadri.

Alianza kazi ya kalamu mapema. Alikuwa mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kanisa lililoanzishwa Kabgayi mwaka 1933. Pamoja na kazi hiyo alifanya jambo ambalo bila yeye huenda lisingefanyika. Aliwaendea wazee waliojua mashairi ya wafalme, akaketi nao, akayaandika. Mfalme Mutara Rudahigwa alikuwa rafiki yake na alimuunga mkono, hata wale waliokula kiapo cha kutunza siri za ufalme wakamfungulia vinywa. Mwaka 1943 alitoa juzuu ya kwanza ya Inganji Kalinga, historia ya Rwanda kwa Kinyarwanda, na ya pili ikafuata mwaka 1947. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake kuhusu mashairi ya nasaba ya kifalme. Mwaka mmoja kabla, taasisi ya kifalme ya Ubelgiji iliyoshughulikia elimu ya makoloni ilikuwa imempokea kuwa mwanachama, Mwafrika wa kwanza kuingia humo.

Katikati ya kazi hizo nzito ndipo akaja nguruwe.

Ili kuelewa kicheko chake, lazima ujue ng'ombe alikuwa nani. Katika Rwanda ya zamani, ng'ombe wa kifahari, wale wa pembe ndefu waitwao inyambo, walitungiwa sifa kama mashujaa wa vita. Kila ng'ombe alikuwa na sifa zake, na mtungaji alizighani mbele ya watu wazima waliojua kila neno. Nguruwe wa kufugwa hakuwa na sifa yoyote. Alikuja na wazungu, kama viazi vilivyokuja na wazungu, na watu wa heshima zao hawakumgusa. Kagame akachukua vazi lile la ng'ombe, vazi la ikulu, akamvika nguruwe. Na ajabu ni kwamba mtindo huohuo wa sifa za ng'ombe aliutumia pia katika utenzi wake mrefu wa kumsifu Muumba, Umulirimbyi wa Nyiribiremwa.

Basi hapo ndipo ugomvi unapoanza. Nimeusikiliza hapa Gikondo kwa miaka mingi. Jirani yangu mmoja, mzee aliyerudi na ng'ombe wake kutoka Uganda, anasema sifa za ng'ombe si nguo ya mtumba ya kumvalisha kila apitaye, na kwamba padri aliwakosea wazee waliomfundisha. Mwalimu mwenzangu, muumini wa kila Jumapili, anaona kalamu iliyomwimbia Mungu haikupaswa kushuka hadi zizini. Mama mmoja anayevusha vitunguu na maharage kati ya Gisenyi na Goma anawacheka wote wawili. Yeye anaamini anayechekwa si nguruwe wala ng'ombe, bali ni wakubwa waliomkataa nguruwe mchana na kumwonja usiku. Na yupo Mwislamu mmoja muuza vipuri ambaye hajawahi kula nyama hiyo wala hataila, lakini ndiye anayecheka hadi machozi, kwa sababu, anaeleza, utamu wake uko katika maneno, si katika sahani.

Mimi nakubaliana zaidi na muuza vipuri. Huwezi kuiga sifa za ng'ombe kwa mzaha kama hujazijua kwa dhati. Aliyekuwa anacheka alikuwa ndiye mtu aliyezikusanya na kuziokoa. Tena fikiri ni watu wangapi mwaka 1949 walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Kitabu cha nasaba za wafalme kilihitaji msomaji mvumilivu, lakini kitabu cha kuchekesha kilimkuta mtu hapo alipo.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kucheka. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu sheria na taasisi za utawala wa Rwanda ya kale. Utawala wa Kibelgiji ulikiona kama utetezi wa ufalme, askofu wake akashinikizwa, naye akapelekwa Roma. Kwa hiyo hata yeye alionja kukaa mbali. Lakini hakukaa bure. Alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, akapata udaktari mwaka 1955 kwa kazi iliyochambua fikra za Kibantu kwa kuanzia katika lugha yenyewe. Alionyesha kwamba Kinyarwanda hugawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Sisi wa Kiswahili tunayafahamu mara moja: mtu, kitu, mahali na namna. Huko Roma alikuwa pia miongoni mwa mapadri Waafrika waliotaka Ukristo usiwe adui wa utu wa Mwafrika.

Alirudi mwaka 1958. Mwaka uliofuata Mfalme Mutara alifariki ghafla, vurugu zikazuka, na maelfu ya watu wakaanza kukimbia nchi. Kagame alibaki. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, alikuwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo, na alifundisha pia Lubumbashi. Mwaka 1972 na 1975 alitoa vitabu viwili vya muhtasari wa historia ya Rwanda, na mwaka 1976 akalinganisha falsafa za watu wa Kibantu wa nchi nyingi. Wataalamu waliokuja baada yake wamemkosoa, wakisema alitazama historia kutoka dirisha la ikulu na kwamba baadhi ya miaka aliyowapangia wafalme haikubaliki. Wana hoja. Lakini hata wanaomkosoa huanza kwa kumfungua. Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, akiwa safarini, na umri wa miaka 69.

Sasa niseme langu. Baba yangu alivuka kwenda Tanganyika mwaka 1961 akiwa kijana. Katika utoto wangu kule Karagwe hakutusimulia habari za ng'ombe waliobaki. Tuliporudi nilidhani atasema, lakini hakusema. Mwaka 2003 mtu aliniazima nakala chakavu ya Indyoheshabirayi, nami nikaanza kumsomea jioni, nikijikwaa kila mstari. Kwanza alikunja uso. Kisha akaanza kunisahihisha matamshi, neno kwa neno, maana masikio yake hayakuweza kuvumilia. Mwishowe akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Halafu akaniomba ninyamaze. Akafumba macho, akaanza kughani sifa za ng'ombe wa babu yangu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. Nilikimbia kutafuta daftari la wanafunzi. Nilijaza kurasa kumi na moja usiku ule. Maneno mengi sikuyaelewa, nikayaandika kama nilivyoyasikia. Baba alifariki mwaka 2006. Nguruwe hakumla hadi mwisho, lakini nguruwe ndiye aliyemfungua mdomo.

Kwa hiyo wanaponiuliza kama padri alifanya vizuri kuandika kitabu cha mzaha, mimi nalitazama daftari lile. Vitabu vyake vikubwa vilihifadhi ng'ombe wa wafalme. Kitabu chake kidogo kimenihifadhia ng'ombe wa babu yangu, ambao hakuna mwanahistoria angewatafuta.

Ewe msomaji uliyerudi, nawe unayelala safarini Rusumo au Gatuna ukingoja gari lako litolewe, yawezekana nyumbani una mzee aliyenyamaza. Usimwendee na maswali makubwa ya historia. Anza na jambo la kumchekesha, na daftari liwe karibu. Jirani yangu mwenye ng'ombe, yule anayekipinga kitabu, alikuja mwezi uliopita kuniazima nakala yangu ili, alisema, apate ushahidi kamili dhidi ya padri. Hajairudisha. Usiku namsikia ng'ambo ya ukuta akiwasomea wajukuu zake, na wanaocheka si wajukuu peke yao.