Abebe Bikila: Askari aliyeiteka Roma bila viatu

JIONI ya Septemba 10, 1960, wakimbiaji 69 walijipanga chini ya kilima cha Campidoglio, katikati ya jiji la Roma, kuanza mbio za marathon za Michezo ya Olimpiki. Miongoni mwao alikuwamo askari mwembamba kutoka Ethiopia aliyevaa namba 11 kifuani na asiyevaa chochote miguuni. Nje ya nchi yake, ni wachache mno waliolijua jina la Abebe Bikila.

Si kwamba alikosa viatu. Vipya alivyojaribu vilimbana, naye alikwisha kuzoea kufanya mazoezi pekupeku, hivyo akaona heri aiamini ngozi ya nyayo zake kuliko kuhatarisha safari ya kilomita 42 kwa malengelenge.

Alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, eneo la Shewa, siku ileile ambayo wanariadha wa Olimpiki walikuwa wakikimbia marathon huko Los Angeles. Alilelewa akichunga mifugo, kisha akajiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko kocha Onni Niskanen, aliyetoka Sweden, alikomgundua na kumnoa.

Roma halikuwa jiji la kawaida kwa Mhabeshi. Hatua chache kutoka mahali mbio zilipoanzia ndipo palipo na roshani ambayo Mussolini alisimama mnamo Mei 1936 kuutangazia ulimwengu kwamba Ethiopia imekuwa milki ya Italia. Abebe alikuwa mtoto mchanga wa miaka mitatu wakati huo. Na karibu na mwisho wa njia ulisimama mnara wa mawe wa Axum, ambao Waitalia waliung'oa na kuuchukua mwaka 1937 kama ngawira ya vita. (Haukurejeshwa hadi mwaka 2005, nao ukasimikwa upya Axum mwaka 2008.)

Kocha alikuwa amemwonya amchunge Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, ambaye angevaa namba 26. Kumbe Rhadi alivaa 185. Kwa hivyo, Abebe alikimbia bega kwa bega na hasimu wake kilomita baada ya kilomita, huku akiendelea kumsaka mbele mtu ambaye alikuwa ubavuni mwake. Giza liliingia, na askari waliopangwa kandokando ya barabara ya kale ya Appia wakawamulikia njia kwa mienge. Walipoufikia mnara wa Axum, Abebe alichomoka. Alimaliza peke yake chini ya Tao la Constantine kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, sekunde 25 mbele ya Rhadi, na akavunja rekodi ya dunia kwa chini ya sekunde moja. Ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi ya Kiafrika dhahabu ya Olimpiki.

Furaha ya nyumbani haikudumu. Desemba mwaka huohuo, kikosi chake cha walinzi kiliongoza jaribio la kumpindua mfalme aliyekuwa ziarani ng'ambo. Jaribio lilizimwa, na kamanda wa kikosi hicho, Jenerali Mengistu Neway, akanyongwa. Abebe alisalimika na kuendelea na utumishi wake.

Tokyo, jiji lililopokonywa Michezo ya mwaka 1940 na vita, hatimaye liliipata mwaka 1964. Abebe aliwasili huko wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Safari hii alivaa viatu, na hakuna aliyemkaribia. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, zaidi ya dakika nne mbele ya Mwingereza Basil Heatley, kisha akaanza kujinyoosha viungo uwanjani kana kwamba ndiyo kwanza anajiandaa kukimbia. Hakuna mtu aliyewahi kushinda marathon ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Katika Michezo hiyohiyo, Wilson Kiprugut alijinyakulia shaba ya mita 800, medali ya kwanza kabisa ya Kenya.

Jijini Mexico City mwaka 1968, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Wakenya Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott walitwaa dhahabu. Abebe alikimbia akiwa na jeraha la mguu, akajitoa kabla ya kufika nusu ya safari. Dhahabu ilimwendea mwenzake, Mamo Wolde.

Machi 1969, gari lake la Volkswagen, alilotuzwa kwa ushindi wake, lilipinduka nje ya Addis Ababa. Uti wa mgongo uliumia, na miguu iliyowatoa watu jasho katika mabara mawili haikutembea tena. Alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mahali ambapo daktari Ludwig Guttmann aliasisi mwaka 1948 mashindano yaliyozaa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Huko Abebe alijifunza kulenga mishale akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka 1970 akashiriki mashindano. Mwaka uliofuata alishinda nchini Norway mbio za kigari cha kuteleza juu ya theluji, mchezo ambao mchungaji wa Jato asingeuota.

Mwaka 1972 alialikwa Munich kama mgeni wa heshima, na umati ukasimama kumshangilia akiwa kitini.

Alifariki Oktoba 25, 1973, kutokana na kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa amepandishwa cheo hadi kapteni. Maelfu ya watu walifurika mazishini jijini Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie mwenyewe alihudhuria. Mwaka uliofuata, wanajeshi walimng'oa mfalme huyo madarakani.