Zélie Martin: Mke Aliyempata Mungu Nyumbani

Wapendwa wanandoa, wako kati yenu wanaodhani kwamba kumtumikia Mungu ni kazi ya mapadre na masista, na kwamba ninyi mliofunga ndoa mmeachiwa karo, shamba na sufuria tu. Leo basi mtazameni Zélie Guérin, mama mzazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Alipokuwa msichana alitamani kuwa sista, lakini masista wa mji wa Alençon hawakumpokea. Louis Martin, fundi wa saa, naye alikuwa amebisha hodi katika monasteri moja huko milimani akakataliwa, maana hakujua Kilatini. Hao wawili wakakutana, wakafunga ndoa tarehe 13 Julai 1858.

Hata baada ya arusi waliishi kama kaka na dada kwa miezi kama kumi, wakidhani ndiyo njia ya utakatifu. Padre muungamishi akawashauri vingine, nao wakatii. Mungu akawajalia watoto tisa.

Zélie alikuwa fundi hodari wa lesi. Wanawake aliowaajiri walishona vipande makwao, naye akaviunganisha kwa sindano hata usione kiungo. Kila siku alfajiri yeye na mumewe walikwenda Misa, kisha wakarudi kwenye kazi, wateja na watoto. Duka la Louis halikufunguliwa Jumapili. Mwaka 1870 Louis aliliuza duka lake ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Ninyi waume, je, mngekubali kuacha kazi yenu ili ya mke istawi?

Msidhani nyumba hiyo haikujua machozi. Walizika watoto wanne, akiwemo Hélène wa miaka 5. Binti mwingine, Léonie, alikuwa mgumu kulea, hata shule ikamrudisha nyumbani. Mama yake hakumkatia tamaa, na baadaye Léonie alikuwa mtawa.

Kisha Zélie akapatwa na kansa ya matiti. Juni 1877 alihiji Lourdes kuomba uponyaji, lakini hakupona. Alirudi kwa watoto wake, akaendelea na kazi kadiri nguvu zilivyomruhusu. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Teresia alikuwa na miaka 4. Louis aliwalea mabinti wake watano, na wote wakawa watawa.

Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja. Hawakuanzisha shirika wala hawakwenda mbali kuhubiri. Waliajiri watu, walilea, waliuguza na kuzika, na yote hayo walimtolea Mungu.

Mama unayeamka kuwasha moto watoto wanywe chai, na baba unayetoka gizani kwenda kibaruani, wito wenu uko hapo hapo. Kabla ya kazi ya kesho, simameni pamoja, mfanye ishara ya msalaba, mmtolee Mungu siku hiyo.

Jadilianeni wawili:
1. Ni kazi gani nyumbani tunayoifanya kwa manung'uniko?
2. Ni mtoto yupi tunayekaribia kumkatia tamaa?
3. Kila mmoja wetu aache nini ili mwenzake apumue?