Mganga Dutton, Aliyefia Kasongo

Watoto, njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni njia ya zamani sana. Zamani misafara ilipita hapo kwenda ziwa Tanganyika na Ujiji, kisha ikarudi. Wapagazi walibeba pembe za ndovu na nguo. Lakini ndani ya mikeka yao alisafiri pia mdudu mmoja mdogo, ambaye hakuna aliyemwita. Mdudu huyo ni papasi. Wengine humwita kimputu. Leo tutasoma habari za mganga aliyechunguza homa ya papasi, na mwisho akafa papa hapa Kasongo.

Jina lake ni Joseph Everett Dutton. Alizaliwa Uingereza, mahali paitwapo Higher Bebington, karibu na mji wa Liverpool. Liverpool ni bandari kubwa. Mabaharia waliotoka Afrika walifika huko na homa ambazo waganga wa kule hawakuzijua. Kwa hiyo mwaka 1898 ilianzishwa huko shule ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Dutton alipokwisha kusoma uganga alijiunga na kazi ya shule hiyo.

Mwaka 1901 alipewa cheo kilichoitwa kwa jina la Walter Myers. Myers alikuwa mganga kijana aliyekwenda Brazil kuchunguza homa ya manjano. Homa ile ile ikamshika, akafa Januari 1901. Basi kila mara Dutton alipotaja cheo chake, alitaja jina la mtu aliyeuawa na ugonjwa aliokuwa akiuchunguza. Hata hivyo hakurudi nyuma.

Mwaka ule ule alifika Gambia. Mganga Forde, aliyekuwa huko, alikuwa ameona vidudu vigeni katika damu ya nahodha mmoja wa meli ya mtoni. Dutton alivitazama kwa darubini akavitambua. Ni vijidudu vyenye mkia, vinavyojipindapinda katika damu. Mwaka 1902 akavipa jina. Baadaye watu walijua ya kuwa ndivyo viletavyo ugonjwa wa usingizi.

Siku zile nchi yetu ilikuwa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Watu wengi walilazimishwa kubeba mizigo na kutafuta mpira msituni, na maradhi yalitembea pamoja nao. Ugonjwa wa usingizi uliua watu wengi sana. Kwa hiyo mwaka 1903 Dutton alifika Kongo pamoja na waganga wawili, John Todd wa Kanada na Cuthbert Christy.

Walianza kazi upande wa Boma na Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Baadaye Dutton na Todd walipanda mto mpaka Stanley Falls, yaani Kisangani, kisha wakaja huku kwetu Maniema. Katika vijiji waliwapapasa watu shingo, wakitafuta tezi zilizovimba, maana hiyo ni alama mojawapo ya ugonjwa wa usingizi. Walichukua damu tone moja moja wakaitazama kwa darubini.

Upande huu wa mashariki walikuta homa nyingine. Humshika mtu kwa nguvu siku chache, ikamwacha. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe homa yarudi tena, na tena. Wenyeji walisema ya kuwa homa hiyo yaletwa na papasi. Dutton na Todd hawakuyadharau maneno yao. Walichukua papasi, wakawaacha wawaume nyani, na nyani wakaugua. Wakaona jambo la ajabu zaidi: hata watoto wa papasi, waliotoka katika mayai ya mama mwenye vijidudu, waliweza kuleta homa. Huko Uganda waganga wengine walikuwa wamekwisha kuona, mwaka 1904, ya kuwa papasi ndiye aletaye homa hiyo.

Papasi hujificha mchana katika nyufa za kuta na sakafu ya udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi upesi mafichoni. Lakini homa yake haiji kwa kuumwa tu. Damu ya mgonjwa nayo ina vijidudu, na mganga akijichoma kwa sindano yenye damu hiyo, aweza kuugua. Dutton na Todd waliishi katika hatari zote mbili. Walilala njiani penye papasi, na kila siku walishika damu. Siku zile glavu za mpira zilitumiwa na waganga wachache tu.

Basi homa ikawashika wote wawili. Todd aliokoka. Dutton hakuokoka. Alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, angali kijana. Dawa ya kuua vijidudu vile ilikuwa haijapatikana. Leo ipo. Mwaka 1906 wataalamu wa Marekani walikipa kijidudu cha homa ile jina la Dutton.

Watoto, msidhani ya kuwa hatari hiyo ilikwisha pamoja na Dutton. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, ugonjwa wa Ebola uliingia katika hospitali ya misioni. Sindano zilikuwa chache, na zilitumiwa kwa mgonjwa huyu na huyu bila kuchemshwa vizuri. Watu 17 walifanya kazi hapo, na 11 kati yao walikufa. Walikuwa watu wenye huruma, lakini huruma peke yake haizuii kijidudu.

Kwa sababu hiyo leo mwuguzi hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Huvaa glavu anaposhika damu. Sindano moja ni ya mtu mmoja, mara moja tu. Ikiisha kutumiwa hairudishwi katika kifuniko chake, maana hapo ndipo wengi hujichoma. Hutiwa mara moja katika sanduku gumu. Naye akijichoma huosha kidonda kwa maji na sabuni, kisha humwambia mkubwa wake siku ile ile, wala haoni haya.

Mtu akifanya hivyo asiitwe mwoga. Amri ya tano ya Mungu yatuamuru kulinda uhai, wa jirani na wetu wenyewe. Mwuguzi akilala, nani atawauguza wagonjwa wake? Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Tumkumbuke Dutton kwa ushujaa wake, na tuongeze uangalifu juu ya ushujaa.

MAULIZO
1. Walter Myers alikufa kwa ugonjwa gani?
2. Papasi hujificha wapi mchana?
3. Dutton na Todd walijuaje ya kuwa papasi huleta homa?
4. Homa hiyo yaweza kumwingia mganga kwa njia gani mbili?
5. Kwa nini sindano iliyotumiwa hairudishwi katika kifuniko chake?