John Peter Altgeld

John Peter Altgeld (30 Desemba 1847 – 12 Machi 1902) alikuwa mwanasheria, jaji na mwanasiasa wa Marekani. Alikuwa gavana wa 20 wa jimbo la Illinois kuanzia 1893 hadi 1897, kwa tiketi ya Chama cha Democratic. Anakumbukwa hasa kwa kuwasamehe wafungwa watatu wa kesi ya Haymarket, uamuzi uliochangia kumwondoa madarakani.

Maisha ya awali

Altgeld alizaliwa katika utemi wa Nassau, ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walihamia Marekani akiwa mtoto mchanga, wakawa wakulima huko Ohio. Mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 16, alijiunga na jeshi la Muungano katika Vita ya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye alikuwa mwalimu, akasomea sheria na kuchaguliwa mwendesha mashtaka wa kaunti ya Andrew, Missouri. Mwaka 1875 alihamia Chicago, alikotajirika kwa biashara ya ardhi na majengo.

Kuingia katika siasa

Mwaka 1884 aligombea ubunge wa Marekani akashindwa. Mwaka huohuo alitoa kitabu kilichoeleza jinsi sheria za adhabu zilivyowaumiza maskini. Mwaka 1886 alichaguliwa kuwa jaji katika kaunti ya Cook, akajiuzulu mwaka 1891.

Katika uchaguzi wa 1892 alimshinda gavana Joseph Fifer wa Chama cha Republican. Alisaidiwa na hasira ya wapigakura wenye asili ya Ujerumani dhidi ya sheria iliyolazimisha shule zao kufundisha kwa Kiingereza. Alikuwa Mdemokrat wa kwanza kuongoza Illinois tangu 1857.

Msamaha wa Haymarket

Tarehe 4 Mei 1886 bomu lilirushwa kwa polisi waliokuja kutawanya mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, Chicago. Wanaume wanane walihukumiwa, ingawa aliyerusha bomu hakujulikana. Wanne walinyongwa mwaka 1887 na mmoja alijiua gerezani.

Tarehe 26 Juni 1893 Altgeld aliwaachia huru watatu waliobaki: Samuel Fielden, Oscar Neebe na Michael Schwab. Hakuwasamehe kwa huruma tu. Alieleza kwa maandishi kwamba jopo lililoamua kesi lilichaguliwa kwa upendeleo, ushahidi haukutosha na jaji hakutenda haki. Magazeti mengi yalimshambulia vikali, yakimwita adui wa sheria na mgeni asiyeipenda nchi. Kumbukumbu ya waliokufa katika kesi hiyo imehusishwa na Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi duniani.

Mwaka huohuo alimteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, na sheria mpya ikapunguza kazi ya wanawake kuwa saa nane kwa siku. Mahakama kuu ya jimbo ilibatilisha kipengele hicho mwaka 1895.

Mgomo wa Pullman

Mwaka 1894 wafanyakazi wa kampuni ya mabehewa ya Pullman waligoma baada ya kupunguziwa mishahara huku kodi za nyumba za kampuni zikibaki zilezile. Rais Grover Cleveland, wa chama kilekile cha Altgeld, alituma jeshi Chicago bila kuombwa na gavana. Altgeld alipinga, akisema jimbo lilikuwa na askari wa kutosha na kwamba katiba ilikuwa inavunjwa.

Uchaguzi wa 1896

Altgeld alilipiza kisasi katika mkutano mkuu wa chama uliofanyika Chicago mwaka 1896. Alisaidia kukiondoa chama mikononi mwa kundi la Cleveland, na William Jennings Bryan akateuliwa kugombea urais. Yeye mwenyewe hakuweza kuwa rais kwa sababu alizaliwa nje ya nchi. Novemba mwaka huo alishindwa ugavana na John Riley Tanner wa Republican.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1899 aligombea umeya wa Chicago akiwa mgombea binafsi, akashika nafasi ya tatu. Alipoteza sehemu kubwa ya mali yake, akarudi kwenye uwakili pamoja na Clarence Darrow. Tarehe 11 Machi 1902 alizidiwa ghafla mjini Joliet baada ya hotuba ya kuwatetea Makaburu wa Afrika Kusini waliopigana na Uingereza, akafariki siku iliyofuata. Alizikwa katika makaburi ya Graceland, Chicago.